Msimu wa Kuwafukuza Milembe

1

Twaha alizikwa Jumatano asubuhi. Mimi nilifika Nalikole saa nane mchana, watu wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka mbele ya nyumba ya kaka yake. Nilikuwa nimeendesha kutoka Songea bila kupumzika, na nilikuja na gari la kampuni, lenye neno ZUMARI ubavuni kwa herufi za njano. Sikulifikiria hilo mpaka nilipoona jinsi watu walivyolitazama.

Kaka yake, Che Chiwaula, aliinuka. Ni mtu mfupi mwenye mabega mapana, umri wake miaka hamsini na miwili, mrina asali tangu alipoweza kubeba shoka. Miaka mitatu niliishi nyumbani kwake. Nilikula ugali wake, nikamfuata msituni na vinasa sauti vyangu, naye akawa ananiita mwanangu. Nilimwendea nikiwa nimeinamisha kichwa, nikanyoosha mkono.

Hakuupokea.

"Daktari," alisema. "Karibu msibani."

Maneno yalikuwa ya adabu. Sauti haikuwa hivyo.

"Pole sana, Baba. Nimesikia jana jioni kwamba Twaha ameumwa na nyoka."

"Umesikia nusu. Koboko alikuwa ndani ya tundu la mninga, na Twaha aliingiza mkono mpaka begani kwa sababu alijua mna nyuki. Na nyuki wachache walikuwepo kweli mlangoni, wanalamba mabaki. Unajua nani alimpeleka kwenye mti ule?"

Nilijua. Sikutaka kusema.

"Mlembe," alisema. "Yule yule aliyempeleka pale mwaka jana na mwaka juzi. Ndege hakumdanganya. Mashine zenu zilipita wiki mbili nyuma zikakomba kila kitu, nyuki wakahama, nyoka akahamia. Ndege aliukumbuka mti, na ndugu yangu akamwamini ndege." Akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya moshi kwenye shati lake. "Na mashine zilijifunza wapi kusema na ndege?"

Nilisimama pale na mkono wangu ukining'inia.

Jibu ambalo sikumpa nitalisema hapa. Mlembe ni ndege mdogo wa rangi ya vumbi, ambaye chakula chake ni nta na majana, wale funza wachanga wa nyuki. Mzinga anaujua ulipo, ila hana nguvu ya kuuvunja. Binadamu ana shoka na moto, ila hajui mzinga ulipo. Basi tangu zamani zisizo na hesabu wawili hao wamekuwa wakiitana. Mrina asali wa huku hutoa mtetemo mrefu wa ulimi unaoishia na mguno mfupi wa kifuani. Mlembe akiusikia huja, hupiga kelele, huruka mti hadi mti mpaka kwenye nyuki. Mtu hufukiza moshi, huchukua asali, na huacha masega kwenye majani kwa ajili ya mwenzake. Hakuna aliyemfuga mwingine. Hakuna kamba wala kizimba.

Mimi niliandika kamusi ya mazungumzo hayo. Miito kumi na tisa ya watu, milio arobaini na mmoja ya ndege, maana ya kila mmoja, na jinsi ya kujibu. Niliamini ingetumika kuhesabu mizinga ya porini ili msitu wa Muhuwesi usigawiwe wakata magogo. Zumari waliponiajiri waliniambia hivyo hivyo. Nilitia saini bila kusoma kurasa za mwisho, na baadaye nikawaambia watu wengi kwamba nilidanganywa. Si kweli kabisa. Sikusoma kwa sababu sikutaka kujua.

2

Ijumaa Che Chiwaula alinipeleka msituni. Hakusema anataka nione nini. Alitangulia na shoka begani, nyuma yake binti yake Somoe, kisha mimi. Somoe ni mwanamke wa miaka thelathini, mrina asali kama baba yake, jambo lililoleta maneno mengi kijijini mpaka watu wakachoka kusema.

Kufikia saa tano tulikuwa tumepita miti kumi na mmoja. Minane ilikuwa na tundu la mviringo, laini kama lililokatwa na kikombe, futi tatu juu ya mlango wa nyuki. Nililijua tundu lile; niliwahi kuliona kwenye michoro. Mashine ndogo yenye ukubwa wa ngumi, iitwayo zumari kama kampuni yenyewe, huita kwa sauti ya mtu. Ndege akija, humfuata angani na kutia alama kwenye ramani. Saa moja baadaye huja mashine kubwa, mkamuaji, hutoboa mti, hupuliza gesi ya kulewesha nyuki, kisha hunyonya vyote: asali, nta, majana, malkia mwenyewe asipokuwa na bahati. Chini ya miti ile hapakuwa na hata kipande cha sega cha ukubwa wa ukucha.

"Nilipendekeza waache nta ya ndege," nilisema. "Niliandika kwenye ripoti."

"Uliandika," alisema Somoe.

"Ndiyo."

"Na ulipoona hawaachi, ukafanya nini?"

"Nikaandika tena."

Alicheka. Kicheko kile kilinichoma kuliko matusi.

Ndipo tuliposikia mwito. Ulitoka bondeni, nyuma ya kichaka cha misuku: mtetemo mrefu, kisha mguno, na kati ya viwili hivyo kikwazo kidogo, kama mtu anayemeza mate. Somoe alishika mkono wa baba yake. Na mimi nilikitambua kikwazo kile. Nilikuwa nimekisikia mara mamia kwenye vinasa sauti vyangu, na kwenye kamusi nilikipa namba yake.

Ilikuwa sauti ya Twaha.

Mashine ilitokea juu ya vichaka, ngumi nyeusi yenye mabawa manne yanayovuma, ikaita tena kwa sauti ya mtu aliyekuwa na siku mbili kaburini. Akili mnemba ya Zumari hufanya hivyo: huchagua sauti ambayo ndege wa eneo huiitikia zaidi, na milembe wa bonde lile walimpenda Twaha. Hakuna mtu aliyeiagiza. Hakuna mtu aliyeizuia.

Che Chiwaula alisimama kama mti. Somoe hakusimama. Alinyakua shoka begani mwa baba yake, akairukia mashine ilipokuwa inashuka kupita kati ya matawi, akaipiga kwa bapa la shoka mpaka ikaanguka kwenye majani makavu. Bawa moja liliendelea kuzunguka. Na ikaita. Ikiwa chini, imepasuka, ikaita kwa sauti ya baba yake mdogo, mara ya tatu, mara ya nne, na juu ya msuku mlembe mmoja alikuja mbio, akatua, akaanza kupiga kelele ya furaha: nifuateni, nifuateni.

Somoe aliipiga mpaka ikanyamaza. Alikuwa analia na kutukana kwa Kiyao, na shoka lilikuwa linachimba ardhi tu.

Ndege aliendelea kutusubiri. Hakuna aliyemfuata.

3

Meneja wa Zumari Kanda ya Kusini aliitwa Gidion Mushumbusi, mtu mpole mwenye ofisi safi, ambaye hakuwahi kupandisha sauti katika miaka minne niliyofanya naye kazi. Nilimwekea kipande cha mashine mezani.

"Inaita kwa sauti ya marehemu," nilisema.

Alikitazama kipande, kisha akanitazama mimi. "Hilo ni baya. Nitawaambia wahandisi waifute sauti hiyo."

"Si sauti hiyo tu. Mnakomba mizinga yote. Mnachukua na nta. Ndege anaongoza, hapati kitu. Msitu ule hautavumilia misimu mitatu."

"Keti, Asumini."

Sikuketi.

"Mama yako aliungua mguu," alisema. "Mwaka ule dawa za vidonda zilipoacha kufanya kazi. Alitibiwa na nini?"

Alijua jibu. Nchi nzima inalijua. Vidonda vilipoanza kukaidi kila dawa ya maabara, kilichobaki ni bandeji za asali ya porini, zilizopakwa nta ya porini. Asali ya mizinga ya kufugwa haikuwa na nguvu ile, na hakuna aliyejua kwa nini. Mama yangu anatembea leo kwa sababu ya bandeji hizo.

"Kuna wodi nzima ya watoto walioungua, hapa hapa mjini," alisema Mushumbusi. "Nenda kaiambie wodi ile kwamba nta tumewaachia ndege."

"Na misimu mitatu ikiisha? Mtawapa nini watoto hao, vumbi la miti?"

"Misimu mitatu ni mingi. Maabara watakuwa wamepata kitu."

"Na wasipopata?"

Alinyanyua mabega. Nadhani pale ndipo nilipokasirika kweli, kuliko msibani, kuliko msituni. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa ameshika jambo la kweli mkononi, uchungu wa watoto, na alikuwa analitumia kama kitambaa cha kufunikia mengine yote.

"Basi nitawafundisha warina asali mwito mpya," nilisema.

"Mashine zinasikiliza saa zote. Ndani ya siku saba zitaujua. Wewe ndiye uliyezitengenezea masikio hayo." Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayesoma taarifa. "Mwito wowote ambao binadamu anaweza kumwita ndege, zumari inaweza. Ndege hawezi kututofautisha. Hilo halina dawa."

Niliondoka. Nilikuwa nimefika kwenye ngazi niliposimama, kwa sababu nilikuwa nimeisikia dawa yenyewe ndani ya maneno yake.

Ndege hawezi kututofautisha.

4

"Rudia," alisema Che Chiwaula.

Tulikuwa watatu barazani kwake, asubuhi ya Jumatatu. Safari hii nilikuja kwa basi.

Nilirudia. Mlembe hafundishwi na mama yake. Mama hutaga yai kwenye kiota cha ndege mwingine na kwenda zake, kwa hiyo kinda hukua bila kumjua mlembe mwenzake. Hamu ya kuongoza huzaliwa nayo, ila mwito wa watu wa mahali pake hujifunza mwenyewe, kwa kujaribu: akiitikia akapata nta, huitikia tena. Akiitikia akakosa mara tatu mfululizo, hupotea mwezi mzima, kisha hujaribu tena. Lakini akiitikia akaumizwa, harudi. Na walio jirani wakimsikia akilia kilio cha hatari, nao hujifunza. Yote haya nilikuwa nayo kwenye takwimu zangu.

"Kwa hiyo unataka tuwaite," alisema polepole, "na wakija tuwapige."

"Kwa manati, kwa vidonge vya udongo. Si kuwaua. Kuwatisha. Msimu mzima, bonde lote, kila mrina asali kwa sauti yake mwenyewe. Ndege wakiogopa sauti zenu watakuwa wanaogopa na mashine, kwa sababu mashine zina sauti zenu. Zumari hawatapata mzinga hata mmoja. Kuutafuta bila ndege kunawachukua siku nyingi kwa kila mti, na mashine zao haziwezi kukaa angani hivyo. Wataondoka."

"Na sisi?"

"Na nyinyi pia mtakuwa hamna ndege."

Aliinuka. Nilidhani atanipiga, na kama angenipiga nisingesogea.

"Ulikuja hapa hujui hata kukanyaga kwenye majani," alisema. "Nilikufundisha. Baba yangu alinifundisha mimi, na wa kwake alimfundisha yeye, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumrushia mlembe hata ganda la karanga. Mtu akila nta yote bila kumwachia ndege, hapa tulikuwa hatuli naye sahani moja. Wewe umechukua maneno yetu ukawapa watu wa mashine. Sasa umerudi, na dawa uliyoleta ni kwamba tuwe wabaya kuliko wao. Wao wanamwibia. Sisi unataka tumpige usoni akija kwa furaha."

"Ndiyo," nilisema. "Sina dawa nyingine. Nimetafuta."

"Nani atakumbuka kwamba hatukutaka?"

Somoe, aliyekuwa amekaa chini akichonga kipini cha shoka, ndiye aliyesema.

"Baba, Ijumaa yule mlembe alikuja akatuambia nifuateni, na ile takataka ikiwa inaita chini pale kwa sauti ya Baba Mdogo. Nilimwona. Alikuwa anafurahi. Ataendelea kufurahi mpaka mzinga wa mwisho, halafu atakufa njaa akiwa anaita watu." Alipuliza vumbi la mbao kwenye kipini. "Mimi nataka akae hai. Akitaka kunichukia, anichukie."

Che Chiwaula alikichukua kipini, akakigeuzageuza. Kisha akaniambia bila kunitazama:

"Nitazungumza na warina asali wengine. Wakikubali, wewe utakuwa wa kwanza. Kwa mdomo wako na mkono wako. Usituletee mashine ya kufanya kazi hiyo."

5

Walikubali. Walikuwa watu kumi na saba, na walibishana siku mbili. Mmoja aligoma na kuhama kabisa, akaenda kwa wakwe zake ng'ambo ya Ruvuma. Sikumlaumu.

Nilikuwa sijawahi kuita. Miaka ile yote nilirekodi tu. Nilisimama chini ya myombo, midomo mikavu, nikatoa mtetemo mbaya wa mtoto anayecheza, nikaguna. Nilitumaini hakuna atakayekuja.

Alikuja kabla sijavuta pumzi ya pili. Jike, mwenye doa la rangi ya mchanga chini ya jicho. Alitua hatua kumi kutoka kwangu, akafungua mkia ili nione manyoya meupe ya pembeni, akaanza kunipigia kelele. Kamusi yangu ina namba ya mlio ule. Maana yake: karibu, si mbali.

Nilivuta manati. Kidonge kilimpiga kwenye bawa, naye akaruka juu na sauti ambayo haimo kwenye kamusi, kwa kuwa miaka mitatu sikuwahi kuisikia.

"Ita tena," alisema Che Chiwaula nyuma yangu.

"Ameshaondoka."

"Ita."

Niliita. Na alirudi. Alitua mbali zaidi, akageuza kichwa upande, kama anayedhani amekosea kusikia. Nikampiga. Mara ya tatu alikuja tena, na safari hiyo nilishusha manati chini, na Che Chiwaula akaninyang'anya manati na kumpiga yeye mwenyewe, kifuani, kwa shabaha ya mtu aliyelenga miaka arobaini. Ndege aliyumba hewani, akaenda zake chini chini kati ya miti, akipiga kilio cha hatari kilichopokewa bondeni na mwingine, na mwingine.

Che Chiwaula alitupa manati. Akachukua udongo, akasugua viganja vyake, akasugua, kama mtu aliyeshika upupu.

"Sitakusamehe," aliniambia. "Nataka ulijue hilo mapema, usije ukangoja."

"Nimelijua."

"Twende kwenye mti mwingine."

Tuliendelea hivyo wiki tisa, kuanzia Septemba hadi mvua za kwanza. Watu walirudi majumbani bila kuzungumza. Baadhi walikunywa. Ndege wanne walikufa kwa bahati mbaya, na kila mmoja alizikwa, jambo ambalo hakuna aliyeliamuru; mtu alichimba tu shimo dogo na wengine wakasimama. Wiki ya tano Somoe aliniambia kwamba ameita kutwa nzima na hakuna kilichokuja. Alisema hivyo huku akitafuna mkono wa gauni lake, akiwa na hasira hata na ushindi wenyewe.

6

Mushumbusi alikuja mwenyewe mwanzoni mwa Desemba, na magari mawili na mhandisi. Tulimkuta kwenye kiwanja cha shule, zumari sita zikiwa zimepangwa kwenye turubai. Kwa mara ya kwanza nilimwona amevaa shati lililokunjamana.

"Ndege hawaitikii," aliniambia. "Bonde zima. Mashine zimejaribu sauti zote zilizo nazo. Mhandisi anasema zikiita, ndege wanakimbia. Mmewafanya nini?"

"Wamejifunza," nilisema.

"Wamejifunza nini?"

Che Chiwaula ndiye aliyejibu. "Kwamba mtu akikuita, ukimbie."

Mushumbusi alitutazama mmoja mmoja, akaelewa, na uso wake ukabadilika rangi. "Mna wazimu. Mnajua mmefanya nini? Kuna watoto wanaoza wodini! Asali ile ilikuwa—"

"Asali ipo," alisema Somoe. "Nenda kaitafute. Mti mmoja mmoja, kwa macho, kama sisi tutakavyoitafuta kuanzia sasa. Tukiipata tutaipeleka hospitali wenyewe, na tutaacha ya nyuki na ya msitu. Itakuwa kidogo. Ila mwaka wa kumi itakuwepo."

"Kidogo haitoshi."

"Najua haitoshi," alisema Somoe, na sauti yake ilipasuka. "Unadhani sijui? Mlikuwa na ndege aliyekuwa tayari kuwaonyesha mizinga bure, mpaka dunia inaisha. Alichotaka ni nta tu. Mngemwachia kiganja kimoja cha nta!"

Mushumbusi alinigeukia. Alisema nitashtakiwa, na alikuwa na haki ya kusema hivyo, kwa kuwa mkataba wangu ulilikataza jambo nililolifanya, kwenye zile kurasa za mwisho. Nilimwambia nitakuwepo mahakamani siku yoyote. Kisha nikamwuliza kama kweli walifuta sauti ya Twaha.

Aliyatazama magari yake. Mhandisi ndiye aliyeinamisha kichwa.

Che Chiwaula alilisogelea turubai. Nilidhani atazivunja zote, na nadhani mhandisi naye alidhani hivyo, maana alirudi nyuma. Aliinama, akazitazama kwa karibu, ngumi sita nyeusi zilizojaa sauti za watu anaowajua.

"Ziondoeni," alisema. "Leo."

Waliziondoa siku ile ile. Wiki ya pili yake mikamuaji ilipakiwa kwenye malori, na kambi ya Zumari ikabaki uwanja wa matope.

7

Nilikaa kijijini mpaka wito wa mahakama uliponifikia. Sikuwa na pa kwenda, na hakuna aliyenifukuza, ingawa hakuna aliyenikaribisha pia. Siku ya kuondoka nilikwenda kuaga. Che Chiwaula alikuwa barazani na binti yake, wanapasua kuni.

"Una hesabu zako," aliniambia bila salamu. "Niambie. Watarudi lini?"

Nilikuwa nimezifanya hesabu hizo usiku na mchana. "Tuliowapiga, hawarudi kwetu. Makinda wanaokua sasa watakua bila mwito. Lakini hamu ya kuongoza inazaliwa, haifi. Zumari wakishasahau bonde hili, mtu akianza kuita na akalipa kila mara bila kukosa, huenda mmoja akajaribu. Kisha mwingine. Nadhani miaka ishirini. Huenda zaidi."

Alihesabu kichwani. Niliona alipofika.

"Basi si mimi," alisema.

"Hapana, Baba."

Aliuweka chini ukuni alioushika. "Kamusi yako bado ipo?"

"Zumari wana nakala. Ya kwangu ipo hapa." Nikaitoa mfukoni, kisanduku kidogo kuliko kiberiti: miaka mitatu, milio yote, sauti ya Twaha akiwa hai, akicheka mwishoni mwa rekodi moja kwa sababu nilikuwa nimejikwaa. Sikusubiri aniombe. Niliiweka kwenye gogo la kupasulia kuni. Somoe alimtazama baba yake, baba yake akatikisa kichwa kukubali, na shoka likashuka mara moja.

Nilidhani hayo ndiyo yaliyokuwa yamebaki. Lakini Che Chiwaula alimwambia Somoe, "Ingia ndani. Lete na watoto wako." Wakaingia wote watatu, Somoe na watoto wake wawili, yeye akawafuata, akaanza kufunga madirisha, moja baada ya jingine, mchana kweupe, joto la Desemba likiwa linapasua ngozi. Nilielewa anachotaka kufanya. Mwito hauwezi kukaa miaka ishirini bila mdomo. Angewapa humo ndani, kwa kunong'ona, sikio kwa sikio, pasipo ndege wa kusikia wala mashine.

Alipofika mlangoni alisimama, mkono kwenye komeo, akanitazama mimi niliyekuwa bado nimesimama uani na begi langu.

Alingoja.

Nikageuka nikaondoka. Nilipita kisima, nikapita kiwanja cha shule, nikatembea mpaka barabara kuu, mahali ambapo nisingeweza kusikia hata kama wangepiga kelele. Huko ndiko nilikokaa chini, juu ya begi, nikangoja basi.